Miguu Isiyokauka

Shangazi yangu haangalii watu usoni. Si haya wala kiburi, ni kazi imemzoesha hivyo. Mtu akiingia dukani, macho ya shangazi yanashuka moja kwa moja hadi sakafuni, na huko anasoma anachotaka kujua: huyu anakanyagia nje, huyu kisigino chake chembamba, huyu amevaa viatu vya kaka yake. Sokoni huwapita watu anaowajua miaka nenda miaka rudi bila salamu, halafu husimama ghafla mbele ya viatu fulani vilivyochoka na kuuliza, "Habari za nyumbani, mkeo ameshajifungua?" Watu wamemzoea. Anayetaka salamu yake hupiga mguu chini mbele yake, kisha wote wanacheka, na yeye anacheka nao.

Jina lake la kuzaliwa watu wamelisahau. Anaitwa Mama Beseni, na jina hilo amelipata kihalali. Duka lake ni chumba kimoja kirefu chenye benchi upande mmoja na buti za wawindaji upande wa pili, kutoka sakafuni mpaka darini, na hakuna buti inayotoka humo kabla mnunuzi hajasimama nayo ndani ya beseni la maji. Shangazi anakuvalisha soksi mbili, ya pamba ndani na ya sufu juu yake. Anakufunga kamba mwenyewe, anakuingiza kwenye beseni, halafu anateleka birika. Utasimama humo mpaka birika lichemke. Likichemka unatoka, unavua, naye anaingiza mkono ndani ya buti mpaka kwenye vidole, kisha anapapasa soksi. Ikiwa kavu, unapewa kikombe cha chai na buti zako. Ikiwa na unyevu wa ukucha tu, buti inarudishwa kwa aliyeileta, na maneno atakayoambiwa huyo siyaandiki hapa.

Nimewaona wanaume wazima wenye bunduki mgongoni na vibali mfukoni wamesimama kwenye beseni wakisubiri birika kama watoto wanaosubiri kuogeshwa. Hata mkuu wa ofisi ya wanyamapori alisimama. Alijaribu kusema ana haraka, shangazi akamwambia, "Basi wahi, bwana mkubwa, buti zinabaki." Mkuu akaingia kwenye beseni.

Nafanya kazi naye tangu nilipomaliza shule, na mwanzoni nilimwona anazidisha. Siku hizi simlaumu. Mji wetu umekaa chini ya vilima vya mvua, na nyuma ya nyumba za mwisho kinaanza kinamasi ambacho hakuna aliyewahi kuniambia kinaishia wapi. Miezi ya baridi ukungu unalala juu yake mchana kutwa. Bata wa porini wanatua humo, nguruwe pori wanajificha kwenye matete, na watu wa hapa wanaingia kuwinda. Maji yake yanauma mpaka mfupani. Mguu ukilowa alfajiri, baada ya muda mfupi hutauhisi tena, na mtu asiyehisi miguu yake ndani ya kinamasi hajui anakanyaga nini. Ndivyo wanavyopotea.

Kwa hiyo ukija kwetu utahubiriwa, utake usitake. Uje mchana, si asubuhi, maana mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na buti uliyoichagua asubuhi itakubana jioni. Buti inayobana haitii joto hata ukiijaza sufu ya kondoo mzima, kwa sababu damu haipiti. Acha nafasi ya kidole kimoja nyuma ya kisigino. Angalia ulimi, kile kipande kilicho chini ya kamba: kama haukushonwa pembeni mpaka juu ya kifundo, maji yataingilia hapo huku wewe unasifia ngozi. Chini iwe mpira, juu iwe ngozi iliyopakwa nta, na bitana iwe ya kutoka ili uianike. Na usiikaushe kando ya moto ikapasuka, halafu uje hapa na mdomo wako kusema Mama Beseni kakuuzia mbovu. Shangazi anayasema haya kila siku kwa mpangilio ule ule, nami huyatamka kimyakimya nyuma yake ili kujichekesha.

Kinachonifanya nisimlaumu ni mume wake. Mume wake aliingia kinamasini na hakutoka. Buti yake ya kushoto ilikuwa imeachia mshono, na shangazi alikuwa ameiweka kando aishone siku hiyo. Mume akaamka mapema, akaivaa hivyo hivyo, akaondoka bila kumwamsha. Walimtafuta mpaka watafutaji wenyewe wakaanza kuumwa. Hakupatikana yeye, wala bunduki yake, wala kofia. Shangazi alibaki na mtoto mgongoni, wa kiume, wa pekee. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Picha ya mume iko moja tu, ya harusi, na bwana harusi aligeuka wakati mpiga picha anabonyeza, kwa hiyo juu ya tai kuna weupeweupe tu. Mtoto amekulia chini ya picha hiyo.

Mtoto huyo sasa ana ndevu zake. Ni kinyozi, na kila mtu anamwita Kinyozi, hata mama yake. Siku za mapumziko anawinda. Shangazi hakuweza kumkataza, lakini walipatana jambo moja: aishie ukingoni, mahali anapoweza kuona paa za mji. Kinyozi alilishika neno lake, shingo upande. Alikuwa akirudi na bata mmoja, mara nyingi mikono mitupu, na wenzake walimtania kwamba amefungwa kamba kiunoni na ncha ya pili kaishika mama yake. Alikuwa akicheka nao, lakini mimi namjua binamu yangu. Utani ule ulikuwa unamla.

Siku aliyokuja yule mgeni, manyunyu yalikuwa yameanza tangu asubuhi. Mchana ukungu ukashuka mpaka barabarani, duka la vyuma lililo mkabala nasi likapotea ikabaki taa yake tu. Hapakuwa na wateja. Mimi nilikuwa napaka buti nta, shangazi anashona ulimi wa buti moja kwenye kigoda chake. Kinyozi akaingia anacheka, na nyuma yake kulikuwa na mtu.

"Mama, nimekuletea mteja. Huyu bwana kaja kule kwangu, tumepiga soga, kumbe anakijua kinamasi chote. Kuna mahali katikati bata wanatua bila kuogopa mtu. Kesho alfajiri ananipeleka."

Shangazi hakuinua kichwa. "Katikati," alisema.

"Kwenda na kurudi tu, mama. Tumepatana. Mimi namtafutia buti nzuri, yeye ananionyesha njia. Bila buti haendi, anasema baridi imeshamtesa vya kutosha."

Sindano ya shangazi ikasimama kwenye ngozi. Hakuhitaji kuniambia kilichokuwa moyoni mwake. Mwana alikuwa yule mmoja, kinamasi kilikuwa kile kile, na huwezi kumfokea mwanamume mwenye ndevu mbele ya mgeni. Nilimwona anapiga moyo konde.

"Karibu ukae, baba," alimwambia mgeni.

"Asante, mama."

Sauti yake ilikuwa ya taratibu, na alikaa kwenye benchi kwa uangalifu wa mtu aliyechoka. Alikuwa amevaa ndara. Kwenye baridi ile, ndara. Nikasema moyoni, huyu ni mwindaji wa wapi? Kila alipokanyaga aliacha kidimbwi kwenye sakafu niliyokuwa nimetoka kuipiga deki, na mimi jambo hilo hunipandisha hasira haraka kuliko matusi. Nikachukua tambara nikafuta nyuma yake huku nanuna.

Shangazi akapiga magoti na taulo, kama anavyofanya kwa wote, maana buti haipimwi kwenye mguu uliolowa. Akakausha mguu wa kulia. Akaushika wa kushoto, na hapo akakaa. Kidole cha mwisho kilikuwa kimempanda mwenzake, na juu ya mguu, kutoka kwenye kifundo kuja mbele, kulikuwa na kovu refu lililonyooka, la shoka au panga. Shangazi alikausha kovu lile, akalikausha tena. Taulo ikalowa. Akaniomba nyingine, nayo ikalowa. Nikampa tambara kubwa tunalofungia buti, akazungushia mguu wote akakamua, na alipolifungua mguu ulikuwa unang'aa maji.

"Shangazi, kuna nini?" nikauliza.

"Teleka birika."

Akamvalisha soksi mbili, akamchagulia buti za mpira na ngozi zenye ulimi ulioshonwa mpaka juu, aina ambayo wiki ile ile ilikuwa imepita kwenye beseni kwa mtu mwingine bila tatizo. Mgeni akasimama kwenye beseni. Birika likachemka. Akavua, shangazi akaingiza mkono, akautoa unadondosha maji. Soksi zilikuwa zimelowa chapachapa.

Kinyozi akajipiga kofi pajani. "Leo Mama Beseni kakamatwa na buti mbovu."

Shangazi aliiweka ile buti kando, akachukua nyingine ya kiwanda kingine. Ikalowa. Akachukua ya tatu, nzito, ya bei ya kutisha, yenye manyoya ya kondoo ndani, ambayo haijawahi kumwangusha tangu aanze kuiuza. Ikalowa. Nikazikausha zile za kwanza, nikazivaa mimi mwenyewe, nikaingia kwenye beseni na kukanyaga kwa nguvu mpaka maji yakaruka. Nilipotoka soksi zangu zilikuwa kavu kabisa. Sasa hasira yangu ikapata mahali pengine pa kwenda, maana sipendi kitu kinachonifanya nijione mjinga.

"Usiingie majini safari hii," shangazi akamwambia mgeni, bado ameinamia miguu yake. "Vaa, kaa hapo hapo kwenye benchi."

Akakaa kwenye benchi, buti mpya miguuni, sakafu kavu chini yake. Birika likawekwa tena. Sikumbuki kama kuna mara nyingine nimesikia birika likichelewa kiasi kile. Kinyozi alikuwa upande wa pili anapekua buti ukutani na kujiimbia. Lilipochemka mgeni alivua mwenyewe bila kuambiwa, na maji yakamwagika kutoka ndani ya buti yakatambaa mpaka kwenye magoti ya shangazi. Nilipookota soksi ili niikamue, niliona jani dogo la kijani limeganda kwenye sufu, duara, lile linaloelea juu ya maji yaliyosimama. Nikamwonyesha shangazi. Akalichukua, akalifumbata.

"Una watu, baba?" akauliza.

"Nilikuwa nao."

"Wako wapi?"

"Hapa hapa mjini." Kisha, kama anayeomba radhi kwa usumbufu, akasema, "Hata buti zangu za mwisho zilivuja, mama. Ya kushoto."

Shangazi akauliza kwa sauti ya chini sana, "Mshono?"

"Mshono," akajibu.

Hapo nywele zangu zilisimama, na sioni haya kulisema. Kinyozi hakusikia. Alikuwa ameteremsha buti fulani na anazigonga soli kwa kidole kama anayejua.

Shangazi akanishika mkono akanivuta nyuma ya pazia, tunapoweka maboksi. Kulikuwa na giza na harufu ya mpira. Vidole vyake vilikuwa vya baridi kiasi kwamba nilivisukuma bila kutaka.

"Ile miguu naijua," alisema. "Ni ya mume wangu."

Mimi si mtu wa mizimu. Nasema hivyo hadi leo, ingawa siku hizi nasema kwa sauti ndogo. Wakati ule nilikasirika, kwa sababu niliogopa. "Shangazi, tafadhali. Mume wako angekuwa mzee sasa. Huyu ni wa umri wa Kinyozi. Wanaume huwa na nyumba mbili, tatu. Kama huyu anafanana naye miguu, basi ni mtoto wa nje. Kidole hurithiwa."

"Na kovu nalo hurithiwa? Shoka lile lilimpiga mbele yangu. Nilimfunga kwa shuka, damu ikapita shuka mbili. Nilimwosha mguu huo kila jioni mpaka ukapona."

"Watu wengi wana makovu."

"Wewe nyamaza unisikilize." Hakuwa amenifokea tangu nianze kazi. "Hakuja kwa ubaya. Ana baridi tu. Amekuja kutafuta buti isiyovuja, na nani angempa kama si mimi? Ningempa duka zima. Ningemvulia za kwangu. Lakini akizipata ataondoka na mwanangu mpaka katikati kule, na wote wawili sitawaona. Unanielewa? Mmoja nimeshatoa."

Nje ya pazia mtu alikohoa, sijui ni yupi kati yao. Shangazi akajifuta uso kwa kiganja, akatoka.

"Samahani sana, baba," akasema, akitazama sakafuni. "Leo sina buti yako."

"Mama!" Kinyozi akageuka. "Ukuta mzima umejaa buti. Unaniaibisha."

"Hakuna inayomfaa. Umeona mwenyewe."

"Basi avae zangu." Akakaa kwenye benchi karibu na mgeni, akaanza kulegeza kamba. Buti zake alizichagua shangazi, na kila mwezi huzichukua na kuzipaka nta mwenyewe usiku akidhani hatujui. "Zangu hazijavuja hata siku moja. Chukua na soksi, bwana, bado zina joto langu. Mimi nitavaa nyingine."

Alipovua soksi miguu yao ikawa sakafuni pamoja, minne, imepangana. Ilikuwa saizi moja. Kidole cha mwisho cha kushoto kilikuwa kimempanda mwenzake kwa wote wawili. Kinyozi alikiona, akacheka kwa furaha. "Kumbe ndugu yangu kabisa."

Mgeni akatabasamu tu. Akavaa soksi za Kinyozi, akavaa buti za Kinyozi, akaingia kwenye beseni bila kuambiwa. Niliteleka birika mimi, na tukasubiri wote wanne tukilisikiliza. Lilipochemka mgeni akatoka majini, akakaa, akainua mguu. Shangazi akavuta buti. Akaingiza mkono mpaka ndani kabisa. Akapapasa soksi, nyayo, kisigino, katikati ya vidole. Niliona mabega yake yanashuka, nikajua kabla hajasema.

"Kavu," alisema. "Kavu, na mguu una joto."

Mgeni akaegemea ukuta, akashusha pumzi ndefu mno, ya mtu aliyetuliwa mzigo aliokuwa ameshasahau kwamba anaubeba. Nilimwonea huruma, nami bado namwogopa. Shangazi alikuwa ameshika ule mguu kwa mikono miwili, na sikuhitaji kuulizwa ili nijue kwamba hakutaka kuuachia.

"Kwisha," Kinyozi akasema. "Zako hizo. Kesho alfajiri, bwana."

"Hata sasa hivi," mgeni akajibu. "Mwanga bado upo."

Kinyozi akatazama dirishani, kwenye ukungu. Niliona wazo linavyomwingia na kumpendeza. Miaka ya kuishia ukingoni, na mtu huyu hapa, na njia hii hapa. "Hata sasa," alisema, na akanyoosha mkono ukutani kuchukua buti nyingine.

Shangazi akasimama. Magoti yake yalilia, maana alikuwa amepiga magoti muda mrefu. Alimvua mgeni buti ya pili, akazichukua buti za mwanawe, moja kila mkono, akazitumbukiza kwenye beseni, midomo juu, akazikandamiza chini. Maji yaliingia kwa sauti. Akazishika humo, mikono imezama mpaka viwikoni, mpaka mapovu yakaisha. Huyu ni mtu ambaye maisha yake yote yamekuwa ni kuzuia tone moja la maji lisipite kwenye mshono. Nililia pale pale, sikuweza kujizuia.

"Mama, una wazimu?"

Shangazi alikuwa anazungumza na ile miguu iliyo kwenye benchi, na sauti yake ilikuwa ya mwanamke kijana nisiyemjua. "Nisamehe. Nisamehe sana. Chochote kingine ningekupa. Huyu sikupi."

Mgeni akavua soksi za Kinyozi polepole, akazikunja moja ndani ya nyingine kama zinavyokunjwa katika nyumba ya watu wanaopendana, akaziweka juu ya benchi. Akavaa ndara zake.

"Haidhuru," alisema. "Baridi nimeshaizoea."

Safari hii hakumwita mama. Akafungua mlango, ukungu ukaingia kidogo, akatoka.

Kinyozi akaruka, akamfuata miguu mitupu. Tulimsikia anaita, "Bwana! Bwana, ngoja!" Sauti ikaenda mpaka kwenye kona, ikarudi. Mimi nilikwenda mlangoni ili nimshike asipite zaidi ya hapo, lakini alirudi mwenyewe. Alikuwa anatetemeka kwa baridi na hasira.

"Hayupo. Barabara nzima hakuna mtu, na hawezi kuwa amefika mbali na ndara zile." Akamgeukia mama yake. "Umenidhalilisha mbele ya mgeni. Mimi si mtoto. Mpaka lini utanifunga? Baba alikufa, haya, tumesikia, tumelia. Mimi si baba."

"Aliyetoka hapo ndiye baba yako," shangazi akasema.

Alimwambia yote, amesimama pale pale, mikono inadondosha maji. Kovu, kidole, taulo zisizokausha, mshono wa kushoto aliokuwa aushone siku ile. Hakutia chumvi. Nilidhani Kinyozi atacheka, kisha nikadhani atapasuka. Alikaa kwenye benchi, mahali alipokuwa amekaa yule mtu. Ubao ulikuwa bado umelowa na hakuonekana kuujali. Alinitazama, nami nikamwonyesha lile jani la kijani, ambalo shangazi alikuwa ameliacha juu ya kigoda.

Kisha akauliza, na hasira yote ilikuwa imeisha, "Sura yake ilikuwaje, mama?"

"Sikuitazama," shangazi akasema. "Nilipoiona miguu niliogopa kuinua macho. Kila mara nilisema sasa naangalia, nikashindwa."

Kinyozi akanigeukia mimi. Nilifungua mdomo kwa uhakika kabisa, maana muda wote aliokuwa humu nilikuwa nimemkodolea macho. Koti la kahawia nililiona. Sauti niliisikia, na naweza kuiigiza hata leo. Nilitafuta kilichokuwa juu ya kola ya lile koti, nikatafuta tena, na hapakuwa na kitu. Nilitikisa kichwa.

Akaitazama mikono yake, akaigeuza.

"Alikuja kunyoa ndevu," alisema. "Nimemwegemeza kwenye kiti changu. Nimempaka povu, nimemshika kidevu nikamgeuza huku na huku, nimemfuta kwa taulo ya moto. Nikamshikia kioo ajitazame, akaniambia, safi sana." Akamnyooshea mama yake viganja. "Nilimshika baba yangu uso mzima, mama, kwa mikono hii. Na sikumwangalia. Niliangalia ndevu tu."